Hatari na Hatia ya Chaza

Huko Ulaya, wakitaka kujua kama sehemu fulani ya bahari inafaa kufugia chaza, wanampima chaza mwenyewe. Wanachukua gramu 100 za nyama na maji yaliyo ndani ya gamba, wanahesabu bakteria wa E. coli, wale wanaotoka kwenye kinyesi. Wasipozidi 230, chaza wanaenda sokoni moja kwa moja. Wakizidi hapo, lazima wasafishwe kwanza. Marekani kipimo ni cha maji. Swali ni lile lile, kwamba huyu mnyama analika ama halikiki, ila mmoja anamuuliza chaza na mwingine anaiuliza bahari. Na mimi naona ndivyo tunavyohukumiana hata huku mtaani.

Chaza anakula kwa kuchuja. Maji yanaingia, yanapita kwenye matamvua, chembe za chakula zinabaki, maji yanatoka. Chaza mkubwa, hali ikiwa nzuri, anaweza kupitisha karibu lita 200 kwa siku. Hiyo ni mitungi kumi ya lita 20, manze, kwa mnyama anayetoshea kiganjani! Na akishafungiwa kwenye trei la mfugaji hana pa kuhamia. Kilichomwagwa huko juu kitapita ndani yake.

Desemba 2023, ghuba ya Arcachon huko Ufaransa, mvua ilinyesha hadi mifumo ya maji taka ikazidiwa. Watu waliokula chaza wakaanza kutapika na kuharisha. Tarehe 27 serikali ikapiga marufuku uuzaji, katikati ya msimu wa sikukuu ambao ndio wenye soko kubwa. Wafugaji waliwaka. Choo si chao, mabomba si yao, na chaza wenyewe hawakuwa wagonjwa. Lakini marufuku ilikuwa sahihi, maana aliyekula angeumwa vile vile. Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana hapa: hatari na hatia. Chaza wale walikuwa na hatari. Hatia hawakuwa nayo. Shida ni kwamba bili ilipelekwa kwa mwenye hatari.

Nilipoacha chuo kwa sababu ya karo, swali nililopigwa nalo, kuanzia shangazi hadi jamaa wa boda pale steji, lilikuwa moja: kwani wewe ulikuwa na shida gani? Kipimo cha Ulaya hicho, nyama tu. Mabeshte nao wako upande wa Marekani. Kwao kila kitu ni serikali, ni mtaa, ni vile mtu alilelewa, hata jamaa akiwaibia. Hiyo pia hainiingii.

Utumbo wa chaza unawakatalia wote wawili. Ukilinganisha bakteria walio ndani na walio kwenye maji ya nje, hupati orodha moja. Wengine, kama maikoplazma, wanajaa utumboni na huku nje ni nadra. Kwa hivyo utumbo si bomba tu, una namna yake ya kuchagua wa kukaa nao. Tena Uingereza, kwa muda mrefu kanuni ilikuwa chaza wanaosafishwa wawekwe kwenye maji safi angalau saa 42. E. coli wengi hutoka, walikuwa wapita njia. Vibrio, ambao ni wenyeji wa bahari na hupenda maji yakiwa na joto, hawatoki kirahisi. Norovirusi, ambavyo ndivyo vinavyotapisha watu, vinashika sukari fulani za utumboni zinazofanana na zile za kundi la damu A la binadamu, na vinaweza kukaa wiki kadhaa.

Wiki kadhaa, ndani ya maji safi kabisa. Namjua jamaa aliyehamia mtaa mtulivu, wenye geti na taa, na mpaka leo akisikia pikipiki nyuma yake anaficha simu. Watu wanamcheka. Mimi naona saa 42 hazimtoshi, basi. Lakini jamaa huyo akianza kumvizia jirani yake, hapo sitauliza alitoka maji gani kabla ya kumwambia aache.

Usidhani ukiwa Nairobi hii ni stori ya watu wa pwani. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, halafu Sabaki, na Sabaki inamwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Safari ni ndefu, na vijidudu vingi hufia njiani. Mombasa safari ni fupi. Kwenye hori ya Tudor, maji taka ya Mikindani yanaingia kwenye mikoko, na mizizi ya mikoko ndiko chaza wetu hushika.

Wafugaji wa Arcachon walikuwa na chama, walijua mabomba ni ya nani, wakadai fidia. Mama anayebandua chaza kwenye mikoko ya Tudor akiambiwa leo asiuze, atakuwa ameambiwa ukweli. Halafu dai lake alipeleke dirisha gani?