Fedha Isiyosahau

Marehemu mama alikuwa na desturi ya kumtia jirani noti iliyokunjwa kiganjani, na hapana aliyejua. Noti haiulizi jina, wala haina daftari. Siku hizi benki kuu zinabuni fedha ya kidijitali. Bahama waliianza mwaka 2020, Nijeria mwaka 2021. Fedha hii yaweza kukumbuka kila mkono iliopitia. Kumzuia mwizi ni wajibu, sikatai. Hata hivyo, Bahama waliruhusu mtu kuweka hadi dola 500 bila kuonyesha kitambulisho. Basi mpaka kati ya ulinzi na upekuzi huwekwa na binadamu, si mashine. Ningemwomba anayeuweka amkumbuke yule jirani: stara yake nayo ni mali.