Mchezo Huu ni wa Nani?

Mwanafunzi anayeketi kutunga mchezo wa kuigiza hukabiliwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba visa vyote vya duniani vimekwisha kusimuliwa: mapenzi, urithi, wivu na fitina. Ya pili ni kwamba akitwaa kisa cha zamani ataitwa mwizi. Hofu moja humfanya aitupe kalamu. Nyingine humfanya anakili kwa siri na kuficha alikotoa. Yafaa basi, msomaji, tuulize: ni kitu gani kinachoufanya mchezo uwe mali ya mtunzi wake?

Wengi hudhani kwamba ni upya wa kisa. Kama dhana hiyo ingekuwa kweli, Shakespeare asingestahili kuitwa mtunzi wa mchezo wa Romeo na Juliet. Kisa hicho kilikuwa kimetungiwa shairi refu la Kiingereza na Arthur Brooke mwaka 1562, miaka 2 kabla ya Shakespeare kuzaliwa. Na Brooke naye alikuwa amekipokea kwa wengine. Lakini Brooke alikieneza katika muda wa miezi mingi. Shakespeare alikikaza kikawa cha siku chache. Kwa Brooke, Juliet ana umri wa miaka 16. Kwa Shakespeare, hajatimiza 14. Mabadiliko hayo si mapambo. Ni hukumu ya mtu aliyeona kwamba haraka ya vijana ikikutana na uadui wa wazee, nafasi ya kujirudi haipatikani. Udongo ulikuwa wa wengine, chungu kilikuwa chake.

Hapa Kenya pia tuna mfano. Katika miaka ya 1950, wanafunzi wa shule ya Alliance, huko Kikuyu, waliigiza michezo ya Shakespeare kwa Kiingereza. Katika shule hiyo hiyo waliondokea vijana waliotunga michezo kwa Kiswahili. Mmoja wao ni Henry Kuria, ambaye mchezo wake, Nakupenda Lakini, ulichapishwa mwaka 1957. Vijana hao hawakuona haya kujifunza kwa mgeni, wala hawakuridhika kukariri maneno yake tu.

Upya, basi, hutoka wapi? Tuseme mwanafunzi ataka kutunga mchezo juu ya ami aliyeuza shamba la mayatima. Kisa hiki amekisikia mara nyingi, na kila mara ami alikuwa mtu mwovu mwenye kitambi na kicheko kikubwa. Akimwandika hivyo hivyo, ameiba, hata akibadili majina yote. Kwa kuwa ameazima hukumu ya wengine, naye mwenyewe hakufikiri. Lakini na ajiulize: usiku ule kabla ya kutia sahihi, ami huyu alijiambia nini? Huenda alikuwa na deni la hospitali. Huenda aliapa moyoni kwamba atalirudisha shamba baada ya mavuno. Hapo mtunzi hupata taabu, kwani sasa hana budi kumhukumu mtu anayemfahamu. Taabu hiyo ndiyo mlango wa kazi yake. Asiyepita hapo hajaanza kutunga, ingawa amejaza daftari zima.

Liko pia jambo linalotuhusu sisi walimu. Mashindano yakikaribia, mwalimu hushawishika kuushika mswada wa mwanafunzi na kuuandika upya, ili shule ipate kikombe. Nia yake yaweza kuwa njema. Lakini makofi yatakapopigwa, mtoto atasifiwa kwa maneno ambayo hakuyasema. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwalimu na aonyeshe mahali palipopinda, kisha amwachie mwenyewe apanyoshe. Mchezo wenye kasoro uliotungwa na mwanafunzi una faida kwake kuliko mchezo mzuri uliotungwa kwa jina lake.

Kipimo chake ni rahisi. Katika mazoezi, mwigizaji mmoja atauliza: "Kwa nini mama huyu ananyamaza hapa, hali anajua ukweli?" Mtunzi akiweza kujibu, au akiweza kusema, "Sijui, ngoja nifikiri," na kweli akaenda kufikiri, mchezo ni wake. Lakini akigeuka kutafuta jibu kwa mwingine, awe mwalimu, rafiki, kitabu au mashine, basi yeye ni mchukuzi wa mzigo usio wake.

Kwa hiyo, msomaji, usiogope kisa cha zamani. Kitwae waziwazi, na ukiulizwa ulikokipata, taja. Kisha kikalie mpaka ukione kwa macho yako, uandike lile ambalo uko tayari kulijibia mbele ya watu, hata kama halitakupatia kikombe.