Sura Nyingi za Konda

Panda daladala ya asubuhi kutoka Gongo la Mboto kwenda mjini, kisha umsikilize konda. Mama mtu mzima mwenye kikapu anaambiwa, "Shikamoo mama, pita hapa mbele." Wanafunzi waliojazana mlangoni wanafokewa: "Denti, sogea nyuma, usizibe njia!" Dereva anapigiwa bodi na kuambiwa, "Twende suka!" Trafiki akisimamisha gari, konda huyo huyo anashuka akiwa mpole, mabega yamelegea, "afande" haiishi mdomoni. Abiria wa rika lake anayedai chenji anaambulia kejeli. Yote hayo kabla hamjafika Tazara.

Mtu anayependa mambo yaliyonyooka atauliza: konda mwenyewe hasa ni yupi? Naona swali hilo limekaa upande. Linachukulia kwamba nyuma ya sura hizo zote imejificha sura moja ya kweli, na zilizobaki ni maigizo. Lakini asingemwamkia yule mama, tungesema amekuwa mkweli zaidi? Tungesema hana adabu, basi.

Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya watu mashuhuri wa kale, alimfananisha Alcibiades wa Athens na kinyonga. Alcibiades alipokimbilia Sparta, huko kwa watu wa maisha magumu, alioga maji ya baridi na kula chakula chao duni bila kukunja uso. Alipofika kwa Tissaphernes, liwali wa Waajemi, alimshinda mwenyeji wake kwa anasa. Nasi kwa Kiswahili humwita mtu wa namna hiyo kinyonga, na hatumsifu. Ila kilichomponza Alcibiades si maji ya baridi. Akiwa Sparta aliwaelekeza maadui wa mji wake mahali pa kuupiga: wapeleke jemadari Sicily, wajenge ngome Decelea. Kila alikohamia alikwenda na siri za alikotoka. Angeweza kufanya hivyo hivyo akiwa amevaa nguo zilezile na kuongea kwa sauti ileile tangu Athens mpaka Uajemi, na bado angekuwa msaliti.

Wazee wetu walielewa vizuri kwamba kubadili sura si kusaliti, na ushahidi wake ni utani. Mzaramo akifiwa, mtani wake Mnyamwezi anaweza kuingia msibani akamwigiza marehemu anavyotembea, akamsema kwa ubahili wake, akazuia maiti isitoke mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka na machozi yakiwa bado usoni. Mtu huyo huyo akipita kwa mkwewe jioni, anainamisha macho na kuongea kwa kunong'ona. Hakuna anayemwita mnafiki, kwa sababu kila kitu kinafanyika hadharani: mkwe anajua kwamba ana watani, na watani wanajua kwamba ana mkwe. Mnafiki anahitaji ukuta kati ya wanaomwona huku na wanaomwona kule. Konda wetu hana ukuta. Gari zima linamsikia. (Si kila ukuta ni mbaya, nakubali. Muuguzi aliyelia chumba cha dawa akanawa uso kabla ya kurudi wodini hajamdanganya mgonjwa.)

Lipo jambo linalonisumbua kuliko unafiki. Kila ofisi ina bosi mmoja anayejigamba: "Mimi niko hivi hivi kwa kila mtu, sina sura mbili." Anamfokea mhasibu, anamfokea mfagizi, na hilo analiita msimamo. Na kweli habadiliki. Abadilike kwa ajili ya nani? Wote waliomzunguka ndio wanaobadilika kwa ajili yake: wanapunguza sauti akipita, wanasubiri arudi kutoka kula ndipo wapeleke barua ya kuomba ruhusa. Uthabiti wake umebebwa na wepesi wa wenzake. Tukimsifu kwa hilo tunamsifu kwa cheo.

Wepesi huo una gharama. Methali inasema ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Tunaitaja kirahisi kama ushauri wa kuishi na watu, lakini ni methali kali. Jicho lililovunjwa halirudi siku ya kurudi nyumbani, na wenye chongo, wenyeji wa pale, hawajavunja chochote.

Mfikirie dada wa kazi, mgeni wa namna hiyo katika nyumba ya watu. Kwa jinsi geti linavyofungwa anajua baba amerudi na hali gani. Anajua wageni wakiwepo aitike vipi, na ajipitishe sebuleni mara ngapi. Anajua lini mtoto anaruhusiwa kumwita kwa jina na lini ni utovu wa heshima. Jumapili akipiga simu kwao, lafudhi ya kwao inarudi, anacheka kwa sauti, anambishia kaka yake, anatoa amri kuhusu shamba la mahindi na mbuzi wa kuuza. Mama mwenye nyumba akipita uani anashangaa: kumbe huyu binti ni muongeaji! Wameishi nyumba moja, wamepika jiko moja, na hakujua, kwa kuwa hakuna siku iliyomlazimu kujua.