Kibao Kilichowafuata Madereva

Mwaka 2018 jiji la Los Angeles, Marekani, lilipandisha kikomo cha mwendo kwenye barabara zenye urefu wa zaidi ya kilomita 160. Ni jiji lile lile ambalo mwaka 2015 lilikuwa limeahidi kwamba ifikapo 2025 hakuna mtu atakayekufa barabarani. Nausimulia mkasa huu kwa sababu waliofanya hivyo hawakuwa wazembe. Walikuwa na vipimo, walikuwa na takwimu za ajali, na walifuata sheria. Yeyote kati yetu anayeamini kwamba namba hazidanganyi angeweza kutumbukia humo humo.

Sheria ya jimbo la California ilitaka wahandisi wapime mwendo wa magari wakati hakuna foleni. Mwendo ambao madereva 85 kati ya 100 hawauzidi ndio uliokuwa msingi wa kibao. Na pale ambapo upimaji ulikuwa umepitwa na wakati, polisi hakuweza kumshitaki dereva kwa tochi ya kupimia mwendo. Nia ilikuwa njema: kuizuia miji isiweke vibao vya chini kwa makusudi ili ivune faini. Sisi tunaowajua askari wanaojibanza nyuma ya mwembe hatuwezi kuicheka nia hiyo.

Dalili ya hatari, hata hivyo, ilikuwa ndani ya vipimo vyenyewe. Kwenye barabara ya Zelzah, katika mitaa ya makazi kaskazini mwa jiji, kikomo kilipanda kutoka maili 35 kwa saa hadi 40, kisha 45, ndani ya takriban miaka kumi. Hiyo ni kutoka kilomita 56 hadi 72. Madereva walivunja kikomo, wakapimwa, kibao kikawafuata; wakakivunja na kile kipya. Wakazi walipinga. Jibu likawa kwamba bila kupandisha kibao, polisi hawataweza kutumia tochi. Ndugu msomaji, sheria inapokulazimisha kuhalalisha kosa ndipo uweze kulikamata, hapo ni pa kusimama na kuuliza. Jiji halikusimama.

Tena onyo lilikuwa limeshatolewa. Mwaka 2017 bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani ilieleza kwamba kanuni hiyo ya 85 inaweza kuufanya mwendo uzidi kupanda, na kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa ndiyo salama kwa kila aina ya barabara.

Angalia pia nani alihesabiwa. Kipimo kilimsikiliza aliyeshika usukani. Bibi anayevuka kwenda dukani hakuwemo katika wale 100. Takwimu za ajali ziliangaliwa, ndiyo, lakini hata zilipokuwa mbaya zilipunguza maili 5 tu. Na takwimu zenyewe zina mapengo: San Francisco walipolinganisha kumbukumbu za polisi na za hospitali, walikuta majeruhi wengi ambao polisi hawakuwa nao.

Mwaka 2021 gavana wa California, Gavin Newsom, alisaini sheria mpya, iliyopelekwa na mbunge Laura Friedman, inayoruhusu miji kushusha vikomo palipo na watembea kwa miguu wengi na ajali nyingi. Mwaka uliofuata Los Angeles ikavishusha kwenye zaidi ya kilomita 280. Mwaka huo huo, 2022, waliokufa katika barabara zake walizidi 300.

Kwetu Tanzania kibao cha 50 mjini kimewekwa na sheria, lakini tusijione tumepona. Namba zisizo kamili hutupoteza hata sisi. Dar es Salaam tunao mfano mzuri: shirika la Amend, katika kazi yake ya kulinda watoto wanaotembea kwenda shule, lilikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani aliumia barabarani, halikungoja daftari la kituoni. Ndipo likaweka matuta, vivuko na njia za miguu, na watoto wanaoumia wakapungua kwa zaidi ya robo.

Basi mhandisi akija mtaani kwenu na kifaa cha kupimia mwendo, mkaribisheni. Kisha mwombeni asimame kwa muda wa saa moja watoto wanapoingia shuleni na wanapotoka, ahesabu na wanaovuka, na apite zahanati kuuliza walioletwa na ajali, kabla hajaandika namba yoyote kwenye kibao.