Siri ya Mgonjwa na Wajibu wa Mwuguzi

Mgonjwa wa jeraha humwonyesha mwuguzi mahali panapouma. Mgonjwa wa sonona hana pa kuonyesha. Machoni pa watu mwili wake waweza kuwa mzima, na ulimi wake waweza kujibu salamu, hali ndani yake kila kitu kimekwisha ladha: chakula, usingizi, kazi, hata sauti za watoto wake. Kusonona na kusononeka ni maneno ya zamani katika lugha yetu, na maana yake ni maumivu ya ndani. Hali hii si uvivu, wala si upungufu wa imani, wala si huzuni ya kawaida ijayo na sababu yake na kuondoka na siku zake. Ni maradhi, na mwenye maradhi ana haki ya kuuguzwa.

Kazi ya mwuguzi kwa mtu huyu ni nini? Wengi hudhani ni kumchangamsha. Humwambia ajikaze, ashukuru, awatazame walio katika dhiki kubwa zaidi. Maneno haya hutoka katika nia njema, lakini humtwika mgonjwa mzigo wa pili, nao ni aibu ya kushindwa kufurahi. Florence Nightingale, katika kitabu chake juu ya uuguzi kilichotolewa mwaka 1859, alitenga sura nzima kuwalaumu watu wawapao wagonjwa matumaini ya bure na mashauri yasiyoombwa. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1952, mwuguzi wa Marekani, Hildegard Peplau, alifundisha kwamba uhusiano wa mwuguzi na mgonjwa wake ni sehemu ya tiba yenyewe. Tukiyaunganisha mafundisho ya wawili hawa twapata msingi mmoja: uhusiano hauwi dawa ila uwe wa kweli.

Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki mbili mpaka nne, pengine zaidi, kabla ya nafuu kuonekana. Muda huo ni mrefu kwa mtu ambaye kila siku kwake ni mwaka. Katika muda huo mwuguzi humsaidia kuoga, humpa chakula kidogo kidogo, humwuliza swali fupi na kulingoja jibu bila haraka. Huwa karibu naye alfajiri, saa ambayo wagonjwa wengi wa namna hii huiona nzito kuliko zote. Na katika saa kama hizo siri hutoka.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja amelazwa, na mwuguzi kijana ameketi kando ya kitanda chake. Mzee asema, "Mwanangu, nikikuambia neno, utalisitiri?" Ajibu nini? Akikubali, huenda akasikia kwamba mzee amekusudia kujiua; hapo atakuwa amefungwa na ahadi yake. Akikataa, huenda mlango uliofunguka kidogo ukafungwa kabisa.

Upande mmoja yasimama heshima ya siri. Wahenga walisema kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha mwema hafunui alichokiona. Siri ni amana, na mwuguzi asemaye ovyo juu ya wagonjwa wake hafai kazi yake. Lakini mfano wa mwosha una mpaka. Mwosha husitiri yaliyokwisha. Maiti hana tena cha kupoteza. Mwuguzi ameketi na mtu aliye hai, na uhai huo nao ni amana, tena ni amana iliyotangulia siri. Kuilinda amana ndogo kwa kuipoteza kubwa si uaminifu. Ni kujificha nyuma ya neno zuri. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, watu zaidi ya 700,000 hujiua kila mwaka. Hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni la nadra.

Basi jibu langu ni kwamba mwuguzi asiahidi asichoweza kutimiza. Amjibu mzee, "Baba, mengi nitayasitiri. Lakini neno lihusulo uhai wako sitalibeba peke yangu. Nitamwambia daktari, nawe nitakuarifu kwanza." Kisha amwulize waziwazi kama anafikiri kufa. Wengi huogopa swali hili wakidhani kwamba litampandikizia mgonjwa wazo jipya. Utafiti wa wataalamu haukuthibitisha hofu hiyo, na wagonjwa wengi hupata faraja waulizwapo. Na mgonjwa aanzapo kupata nguvu, mwuguzi asilegeze macho upesi, kwa kuwa nguvu za mwili zaweza kurudi kabla ya tamaa ya kuishi.

Itasemwa kwamba mzee akisikia jibu hilo atanyamaza. Huenda akanyamaza usiku ule, nami sikatai kwamba hasara hiyo ni kubwa. Lakini aliyenyamaza mbele ya mtu mkweli aweza kurudi kwake kesho. Aliyedanganywa hana pa kurudi.

Ipo hoja nyingine iliyo nzito zaidi: siri ikitoka hupelekwa kwa nani? Nchini Kenya, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai kwa kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Mahali ambapo maumivu huhesabiwa kuwa uhalifu, mgonjwa ana sababu ya kumwogopa hata mwuguzi wake. Kwa hiyo ukweli wa mwuguzi peke yake hautoshi. Yahitajiwa pia sheria na jamii zitakazoipokea siri hiyo kwa matibabu badala ya adhabu. Mwuguzi huitoa siri ili mgonjwa apate wasaidizi wengi, wala si ili apate washitaki.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Methali hii huelekezwa kwa mgonjwa siku zote, kana kwamba kuficha ni kosa lake peke yake. Nadhani yatuhusu na sisi tulio wazima. Mtu huficha maradhi yake kwa kadiri ya hofu aliyo nayo juu ya watakaoyasikia. Kazi ya kwanza ya mwuguzi ni kuipunguza hofu hiyo, naye hataweza kuipunguza kwa ahadi ya uongo.