Kosa Lisilo la Nyumba Yako

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota ghafla Tanzania nzima na katika nchi jirani. Huku Mtwara siku hizo zilikuwa nzito tayari: Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita mwanzoni mwa mwezi, na mafuriko yalikuwa yamekata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, Kilwa. Aliyeona kompyuta yake ya nyumbani imekosa mtandao alikuwa na mengi ya kushuku hapo hapo alipo: mvua, umeme, waya.

Na ni sawa kuanzia karibu. Kijana anayeijua kazi ya kompyuta hakimbilii kulaumu kampuni ya intaneti. Huangalia kama waya umekaa sawasawa, kama taa za ruta zinawaka, kama bando halijaisha. Huzima ruta, husubiri kidogo, huiwasha tena. Kisha hujaribu simu kwenye Waifai hiyo hiyo: simu ikipata, tatizo liko kwenye kompyuta; nayo ikikosa, tatizo limevuka hapo. Hutazama pia anwani ya kompyuta. Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikupewa, ikajipa yenyewe. Nampenda sana fundi wa namna hii, kwa kuwa hamtuhumu mtu kabla hajatazama. Mwanamke wa Luka 15, aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi, alifanya vivyo hivyo: aliwasha taa, akafagia, akatafuta kwa makini. Basi anayeona sala yake imekauka, au ndugu yake amenyamaza, na aanzie kwake. Kuna neno nililomwumiza nalo? Kuna deni nililolisahau kwa makusudi?

Lakini siku ile ya Mei, ufundi wote huo usingerudisha mtandao. Nyaya mbili kubwa za intaneti, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika chini ya bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Ruta ya Shangani au ya Mikindani, hapa kwetu Mtwara, haikuwa na kosa lolote. Ilihitajika meli maalumu iende huko, iunyanyue waya kutoka kilindini na kuziunga nyuzi zake za kioo, nyembamba kama unywele.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo wiki hii. Tumezoea makanisani kumwambia mtu aliye gizani achunguze maisha yake. Akishachunguza, twamwambia achunguze tena. Mama aliyefiwa na mtoto, aliyefunga na kuomba asisikie kitu, anaambiwa kuna dhambi ameificha. Huo ni ukatili, hata ukisemwa kwa upole na Biblia mkononi. Machi 2021, mji wa Palma, Msumbiji, uliposhambuliwa, mawasiliano ya simu ya mji ule yalikatika, na wenye ndugu huko hawakuweza kuwapata. Wengi wetu kando ya mto Ruvuma tuna jamaa ng'ambo. Nani angethubutu kumwambia bibi wa Kilambo kwamba mwanawe hapokei simu kwa sababu yeye ni mama mbaya?

Marafiki wa Ayubu walianza vizuri. Walikaa naye chini siku 7, usiku na mchana, bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kutafuta kosa katika nyumba ambayo kosa halikuwamo, na mwishowe Mungu aliwakasirikia wao. Ayubu, yule waliyemhukumu, ndiye aliyepewa kazi ya kuwaombea.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya: mkimtembelea mtu wa namna hii, muulizeni mara moja, na akiwajibu, mwaminini. Msirudi kesho na swali lile lile. Mwezi ule wa Mei mtandao ulianza kurudi kabla nyaya hazijaungwa, kwa sababu mawasiliano yalipitishwa kwenye nyaya nyingine zilizobaki nzima. Huyu naye anahitaji njia iliyobaki nzima, na njia hiyo ni ninyi. Mpelekeeni unga na samaki, mchoteeni maji, muulizeni habari za marehemu wake kwa jina. Asipoweza kuomba, ombeni ninyi, naye akae tu pembeni yenu.