Deni la Mwenye Leseni

Ramadhani iliyopita, katika mapokezi ya kampuni moja ya mawakili pale Qurum, Maskati, maboksi ya futari yalipangwa mpaka usawa wa kiuno. Mchele, sukari, mafuta, unga, tende. Na juu ya kila boksi nembo ya kampuni. Kando ya maboksi alikaa binti wa Tanga, mfanyakazi wa nyumbani, anayedai mishahara ya miezi saba. Aliyemfikisha hapo ni mama mtu mzima, Mwomani mzaliwa wa Unguja, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwafasiria wasichana kama yule bila kuchukua hata baisa moja. Walijibiwa kwa upole kwamba kesi za bure za mwaka ule zimeshajaa, ila boksi wangeweza kuchukua.

Mama hakuridhika. Aliuliza vipi kampuni yenye mawakili wengi namna ile ikose saa chache za kuandika dai moja. Wakili kijana, naye mwenye asili ya Zanzibar, akamjibu: “Mamaangu, kutoa ni moyo. Mkianza kukosoa tunachotoa, mwakani hatutatoa kabisa.”

“Mwanangu, sikuja kuomba mchele,” mama akasema, na wakaondoka.

Kisa hicho kimezunguka baraza za Waswahili wa Maskati na kimewagawa watu. Wengi wamesimama na kijana. Makala haya yamesimama na mama, kwa kuwa jibu alilopewa, pamoja na utamu wake, limekosea jambo la msingi kuhusu hisani ya watu wenye taaluma.

Maana ya istilahi haina utata. Uwakili wa bure ni kumtumikia asiye na uwezo bila kumtoza. Hisani ya kampuni ni fedha au vitu inavyoitolea jamii. Kinachohitaji kuelezwa ni haja, na ukubwa wake. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuwahoji wanawake 50. Walisimulia pasipoti kuchukuliwa na waajiri, kazi ya hadi saa 21 kwa siku, mishahara kupunguzwa au kutolipwa kabisa. Sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2003 iliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Mwaka uliofuata walitungiwa kanuni zao peke yao, zenye kinga hafifu. Mwajiri anaweza kumripoti aliyeondoka kuwa ni mtoro, na hapo mdai akageuka kuwa mshtakiwa. Mahakama zinaendeshwa kwa Kiarabu. Tende humfuturisha mtu huyu siku moja. Anachokikosa ni wa kumwandikia dai, kulifikisha panapohusika na kusimama naye siku ya kuitwa.

Sasa lichukuliwe jibu la kijana, kwa sababu ndilo linalosikika kila mahali kampuni zinapoulizwa. Lina vipande viwili. Cha kwanza ni kwamba kinachotolewa bure hakihojiwi, maana mtoaji angeweza kutotoa. Cha pili ni kwamba kuhoji kutaukausha mkono wa mtoaji, na watakaoumia ni maskini wenyewe.

Kipande cha kwanza kingekuwa na nguvu kama wakili angekuwa mwoka mikate. Mwoka mikate akigawa mkate ametoa chake, kwani hakuna sheria inayomkataza jirani kuwasha tanuri. Wakili hayuko hivyo. Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, inamfanya mkosaji yeyote anayejitia uwakili bila sifa. Tanzania ina yake, Sura ya 341. Oman nayo iliweka sheria ya uwakili kwa amri ya kifalme mwaka 1996. Kote huko dola imewatenga watu wachache ikawaambia: kazi hii ni yenu, wengine wasiiguse. Mama wa Unguja anaijua kesi ya binti kuliko wakili yeyote wa Qurum. Anajua siku mshahara wa kwanza ulipokosekana, anajua ujumbe wa simu ambamo mwajiri alikiri deni, anakijua Kiarabu cha mahakamani. Hata hivyo hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema, “Namwakilisha huyu.” Na kijana wa leseni anayeweza kusimama anamwambia kwamba kusimama kwake ni suala la moyo.

Katazo hilo lina sababu nzuri. Dar es Salaam wanawajua vyema mawakili vishoka, wanaokula ada ya mjane na kumwachia karatasi zisizo na thamani. Leseni iliwekwa ili umma ulindwe. Lakini ikiwa umma ndio sababu ya leseni, mtu aliyefungiwa nje kwa jina la umma ana fungu lake ndani ya makubaliano hayo. Fungu hilo kampuni haikulitoa mfukoni mwake. Ililikuta ilipokabidhiwa leseni. Zakati inaeleweka hivyohivyo kwa wanaoitoa: ile asilimia 2.5 ni haki ya maskini iliyomo katika mali ya tajiri, na anayeifikisha hasemi amefadhili. Wengi wa mawakili wa Qurum hutoa zakati kila mwaka kwa hesabu kali. Inashangaza kwamba hesabu hiyo inaishia kwenye fedha, haiufikii ujuzi.

Kipande cha pili, kile cha kutishia kuacha, ndicho kinachoudhi zaidi. Na kinairudisha fikra hadi Kilwa.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu hata akaitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ijumaa moja sultani alikuwa akitoka msikitini kuelekea nyumbani. Fakiri kutoka Yemen akamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani akarudi msikitini, akaingia chumba cha khatibu, akazivua, akavaa nguo nyingine, na kuzitoa zile alizovua. Watu wakastaajabu kwa unyenyekevu wake. Kisha mwanawe akazichukua zile nguo kutoka kwa fakiri na kumpa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia sifa zinavyovuma, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya pwani yetu, na ukarimu wa mtu yule ulikuwa wa kweli. Lakini watu 20 waliulipia kwa miili yao, na hakuna aliyetaja jina la hata mmoja. Katika kampuni za leo hakuna utumwa. Ila swali la nani hasa anatoa limebaki. Saa za bure zinazoandikwa kwenye taarifa ya mwaka ni za mawakili peke yao. Karani aliyebaki ofisini hadi usiku hayumo. Mkalimani aliyeacha mapishi yake kwenda kituo cha polisi hayumo. Jina juu ya boksi ni la wenye hisa.

Kuna mwisho wa kisa ambao wasimulizi wengi huuruka. Al-Hasan alipofariki, alirithiwa na ndugu yake Dawud, naye alikuwa kinyume chake. Mwombaji akija alikuwa akimwambia kwamba yule mtoaji amekufa, na hakuacha kitu cha kutoa. Mafakiri wakakaa mlangoni miezi mingi, wakiambulia kidogo sana, mpaka wakaacha kuja.

Huo ndio ukomo wa kutoa kunakotegemea moyo: moyo hurithiwa na mwingine. Msafiri huyohuyo, miaka mitano kabla, alikuwa ameona Damascus wakfu za kila namna, mojawapo ya kumlipia mtumishi aliyevunja chombo cha bwana wake ili asipigwe. Mweka wakfu akishaweka, hana tena uwezo wa kutishia. Mali imetoka mkononi mwake na haki ya anayenufaika haitegemei hali yake ya asubuhi ile. Wasimamizi wabaya wamekula wakfu katika nchi nyingi, Unguja ikiwemo, lakini aliyedhulumiwa ana pa kwenda kushtaki. Binti wa Tanga hana.

Mwaka 2025 ulimwengu uliona hisani inayotegemea utashi wa mtoaji ikifika mbali. Kampuni kubwa za mawakili za Marekani, baada ya Rais Trump kuanza kutoa amri za kuziadhibu baadhi yao, ziliafikiana naye moja baada ya nyingine kutoa uwakili wa bure kwa mambo ambayo pande zote mbili zinayaunga mkono. Paul Weiss ilianza mwezi Machi kwa dola milioni 40. Zilipofika kampuni tisa, jumla ilikuwa dola milioni 940. Nyingine, kama Perkins Coie na WilmerHale, zilikataa, zikaenda mahakamani na majaji wakazipa ushindi. Anayeamini kwamba saa za bure ni mali ya kampuni, izipeleke itakako, hana neno la kuzilaumu zile tisa. Anayeziona ni deni kwa wasio na uwezo analo.

Zipo hoja nyingine, za haki zaidi. Kampuni ndogo ya mawakili wawili haiwezi kubeba mzigo wa kampuni ya 50. Wakili anayelazimishwa anaweza kufanya kazi ovyo. Na serikali ndiyo yenye wajibu wa kwanza, kama Tanzania ilivyokiri kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Zote ni kweli, na hakuna hata moja inayomsaidia kijana wa Qurum, kwani hoja yake ilikuwa kwamba kutoa ni moyo.

Linalobaki gumu ni kiasi. Chama cha mawakili cha Marekani kinapendekeza saa 50 kwa mwaka, bila adhabu kwa asiyetimiza, na swali la kwa nini zisiwe 20 au 100 linabaki. Profesa Haroub Othman na wenzake walishika njia nyingine walipoanzisha Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar mwaka 1992: ujuzi wenyewe upelekwe kwa watu, kupitia wasaidizi wa sheria wanaoishi nao. Pengine deni la mwenye leseni hupungua kadiri anavyowaachia wengine nafasi. Pengine huongezeka, kwa kuwa wasaidizi hao wakiibua kesi nyingi, mahakamani ni wakili tu anayeweza kuzibeba. Hilo halijapata jibu, wala si lazima lipate jibu kabla ya lililo jepesi kufanyika.

Kampuni za Qurum, na za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, zitaandika tena taarifa zao za hisani mwaka huu. Ziandike, karibu na idadi ya maboksi, idadi ya waliokuja kuomba wakili wakakataliwa, na sababu waliyopewa. Ziandike pia saa za wakalimani, na ziwalipe.